Ng'ombe Ambaye Hakuwepo

Kaka yangu alisinzia kwenye usukani asubuhi, jua limeshapanda, barabara kavu, tukitoka Bukoba kwenda Muleba. Gari likamgonga mtu, na mtu yule akafa. Nayasema haya mwanzoni kabisa kwa sababu kwa muda mrefu nyumbani kwetu hakuna aliyethubutu kuyasema, na nikiyachelewesha najijua: nitaanza kuyapamba.

Kupamba ndiyo kazi yangu. Ninatengeneza keki. Sikusomea popote. Nilijifundisha kwa kutazama video kwenye simu na kwa kuunguza unga mwingi wa mama, na mpaka leo ua moja la sukari likikaa upande nakwangua upande mzima wa keki na kuanza upya. Wateja husema nina mkono mzuri. Hawajui kwamba nikishawakabidhi keki silali, nawaza kama imeinama.

Siku hiyo nilikuwa na keki ya harusi ya kupeleka Muleba. Kaka ndiye aliyekuwa ananiendesha, kwa lile gari dogo alilokuwa anabebea abiria wa kukodi. Ilikuwa Novemba, na Novemba kwetu ni msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa. Usiku kucha kaka na wenzake walikuwa juu kule Kahororo na mataa yao makali, mabati yamesimamishwa, mapipa yamepangwa chini, senene wanapiga bati na kuteleza ndani. Wanaume wazima hucheka kama watoto usiku wa namna hiyo, na hakuna anayekumbuka kitanda. Alfajiri alirudi nyumbani kwetu Kibeta na gunia zima. Mama na wifi, mke wa kaka, wakakaa kwenye mkeka wakanyonyoa mabawa na miguu, nyumba nzima ikawa na ile harufu ambayo mtu wa kwetu akiwa mbali anaitamani mpaka analia.

"Umelala hata kidogo?" nilimuuliza.

"Nitalala nikirudi."

"Utaweza?"

"Barabara hii naijua kuliko ninavyoijua sura yako."

"Afadhali uijue barabara," wifi akasema kutoka kwenye mkeka, "maana kitanda chako umeshakisahau."

Mama akamtia kaka mkononi punje za kahawa kavu. "Tafuna hizo. Macho yatafunguka."

Tuliondoka. Nilikuwa nimepakata ile keki ndogo ya juu, yenye maua, kwa sababu sikuamini sanduku lolote duniani. Kaka alifungua dirisha, akatafuna kahawa, akajipiga paja. Tulipopita Muhutwe akaniambia, "Nisimulie kitu."

"Nikusimulie nini? Huoni nimeshika keki?"

"Keki hiyo siku ukiizaa utaipa jina."

Nikacheka. Nilikuwa naangalia ua moja la pembeni lililoanza kulegea kwa joto la kiuno changu. Gari lilihama taratibu. Ndicho ninachokikumbuka zaidi: taratibu, kama mtu anavyojigeuza kitandani. Hakukuwa na breki wala honi. Kisha ukaja mshindo, baiskeli ikaruka, na mikungu ya ndizi ikatawanyika barabarani.

Alikuwa mtu mzima, wa umri ambao baba yetu angekuwa nao leo kama angekuwa hai. Alikuwa akisukuma baiskeli kando ya barabara, akienda sokoni na ndizi zake. Kaka alitoka kwenye gari akasimama akishika kichwa, hawezi hata kusogea. Mimi ndiye niliyekwenda kupiga magoti pembeni ya yule baba mpaka watu wakafika. Alifariki kabla gari la kumpeleka hospitali halijapatikana. Na nikiwa pale chini, na krimu ya keki kwenye mikono yangu yote miwili, kichwa changu kiliwaza: harusi ya watu itakuwaje? Nilichukia kichwa changu. Bado nakichukia.

Askari wa usalama barabarani walimpulizisha kaka kile kifaa cha kupima ulevi. Hakikuonyesha kitu.

"Mzima kabisa," askari akasema, kama mtu aliyekasirishwa na jibu. "Sasa ilikuwaje?"

"Sijui," kaka akajibu.

Mimi niliulizwa pia. Nikasema ukweli, kwamba sikuona, nilikuwa nimeinamia keki. Waliandika hivyo hivyo.

Kaka alipopata dhamana, baba mdogo aliitisha kikao sebuleni kwetu. Tangu baba afariki yeye ndiye mwenye neno la mwisho, na ni mzee wa kanisa, hivyo neno lake huja na uzito wa pande mbili. Mimi nilikuwa nimeshaisoma sheria yote kwenye simu, kama ninavyojisomea kila kitu, kwa hofu. Nilikuwa najua kwamba kusababisha kifo kwa kuendesha gari kwa hatari kunaweza kumpeleka mtu jela. Nilitafuta neno "usingizi" katika kifungu kile nikalikosa. Nikarudia kusoma. Nikasoma kwa Kiingereza, nikalikosa huko pia. Nikawaeleza kikao.

"Kwa hiyo ulevi unapimwa," baba mdogo akasema. "Na usingizi unapimwa na nini?"

"Haupimwi na chochote, baba. Hakuna kifaa."

"Umeona? Kisichopimwa hakithibitishwi. Huyu kijana alikwepa ng'ombe."

Mama akainua uso. "Ng'ombe gani?"

"Ng'ombe aliyekatiza barabara. Alikatiza, akaenda zake. Nani atamwita mahakamani?"

Wifi aliguna. Kaka alikuwa ameangalia sakafu tangu mwanzo. Baba mdogo akamgeukia. "Una watoto wawili. Ukifungwa, mimi ndiye nitakayewalisha? Au dada yako, kwa keki?"

"Sikumwona ng'ombe," kaka akasema.

"Uliona nini, basi?"

"Sikuona kitu."

"Basi na ng'ombe pia hukumwona vizuri. Inatosha."

Naomba nisieleweke kama mtu aliyepinga. Sikupinga. Nilimpenda ng'ombe yule kuliko nilivyowahi kumpenda mnyama yeyote wa kweli. Alikuwa hajaumiza mtu, hana mwenyewe, na alikuwa amesimama katikati ya kaka yangu na jela. Usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu ajali, nililala.

Kaka alipokwenda kuandika maelezo mengine kituoni, baba mdogo alimsindikiza. Askari akauliza ng'ombe alikuwa wa rangi gani. Baba mdogo akajibu kutoka kwenye benchi la wageni: "Mwekundu."

"Mzee, wewe ulikuwepo?"

"Aliniambia nyumbani."

Baadaye tulikwenda msibani kutoa pole. Hatukwenda na kaka, maana haifai aliyeua kuingia kwenye ua wa marehemu watu hawajaandaliwa. Tulikwenda baba mdogo, wazee wawili wa ukoo wetu, na mimi. Nilisema lazima niende, bila kujua ni kwa nini. Walitupokea vizuri kuliko tulivyostahili. Wazee wetu waliletewa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, na walipoichukua nilijua angalau hatutafukuzwa.

Mtoto mkubwa wa marehemu alikaa mkabala nasi. Ni kijana wa makamo ya kaka, mtulivu, anayekaa mikono juu ya magoti.

"Tumeambiwa hakuwa amelewa," alisema.

"Hajawahi kunywa, waitu," baba mdogo akasema, akitumia neno lile la heshima la Kihaya kwa mtu anayeweza kuwa mwanawe. "Ni ng'ombe. Ng'ombe alikatiza."

"Ng'ombe wa nani?"

"Ng'ombe tu."

"Hapa kwetu hakuna ng'ombe tu, mzee."

Wazee wakatafuna kahawa. Kila mtu pale ndani alikuwa anaelewa. Katika vijiji vyetu ng'ombe ni wachache. Ndio mbolea ya kibanja, lile shamba la migomba linalozunguka nyumba, na kibanja kisicho na mbolea hakina migomba. Kila mmoja anajulikana analala wapi, ndama wake alikopeshwa nani, na alizaa mwaka gani. Ukisema ng'ombe alikatiza barabara, umemtaja mtu. Sisi wa mjini tulikuwa tumelisahau hilo. Baba mdogo, aliyezaliwa kijijini, naye alilisahau, au alitaka kulisahau. Niliona mke wa marehemu akimnong'oneza mwanawe jambo, na mwanawe akitazama nje, upande wa barabara.

Njiani kurudi nilimwambia baba mdogo, "Watamtafuta."

"Watamtafuta nani? Hayupo."

Kama angekuwepo labda ingekuwa afadhali.

Aliyekuja nyumbani Kibeta alikuja asubuhi, sikukuu za Krismasi zikikaribia, akiwa amevaa kitenge safi na viatu vya kufunga kamba vya kiume. Alikuwa mjane, alisema, anakaa kando ya barabara ileile. Mama alimkaribisha. Hakukubali kiti kwanza.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Nimekuja kumwona huyo kijana aliyemwona ng'ombe wangu."

Baba mdogo alikuwepo. Alikuwa amekuja kunywa chai. Akaweka kikombe chini polepole.

"Mama, hakuna aliyesema ni wako."

"Basi niambie. Alikuwa wa rangi gani?"

"Mwekundu."

"Wangu ni mweusi mwenye madoa meupe. Ni wa kisasa. Tangu nimnunue hajatoka bandani, namkatia majani mwenyewe."

"Umeona? Si wako. Tumemaliza."

"Tumemaliza nini?" Sauti yake haikupanda. "Ng'ombe aliye karibu na barabara pale ni mmoja, wangu. Watu hawaulizi rangi. Wanapita wanasema, ndiye yule, ng'ombe aliyemwua mzee. Maziwa hawanunui tena. Wanasema ni maziwa ya msiba. Jana nimeyamwaga kwenye migomba. Migomba imefurahi."

Hakuna aliyecheka, ingawa ninaamini alitaka mmoja wetu acheke ili apate pa kumkamatia.

"Mtoto wa marehemu alikuja kwangu," akaendelea. "Hakugomba. Aliniomba tu nimfunge ng'ombe wangu vizuri. Mimi na baba yake tulibatizwa siku moja. Nimfunge vipi ng'ombe aliyefungwa?"

Kaka alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba. Sijui alikuwa amesikia kuanzia wapi. Alikuwa amekonda, shati linaning'inia.

"Ndiye huyu?" mama yule akauliza.

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Ulimwona ng'ombe wangu?"

Baba mdogo akakohoa. Alikohoa kwa nguvu, kama mtu anayefunga mlango. Moyo wangu, nakiri, ulikuwa upande wa kikohozi. Nilikuwa namwomba Mungu kaka aseme neno lolote la katikati, "sijui," "labda," "vumbi lilikuwa jingi." Nilikuwa nimeshampangia kichwani sentensi nzuri kabisa.

"Sikumwona ng'ombe yeyote," kaka akasema. "Nilikuwa nimelala."

Ndipo yule mama akakaa kwenye kiti alichokuwa amekataa.

"Asante," alisema. "Sasa kawaambie wafiwa, na polisi."

Alipoondoka, baba mdogo alilipuka. "Umejifunga mwenyewe! Unajua wanatoa miaka? Si mwezi, miaka! Kwa ajili ya maziwa?"

"Baba mdogo, ameanza kuyamwaga."

"Na wewe watamwaga nini? Maisha yako!"

"Mimi nimeshamwaga ya mtu."

Mama aliinuka akaenda jikoni. Tulimsikia akiosha vikombe vilivyokuwa safi.

Kati ya siku ile na siku ya kesi sikuwa mtu wa kuishi naye. Niliharibu keki mbili za ubatizo. Nilikuwa natembea kutoka jikoni hadi uani, uani hadi jikoni, nikipima adhabu kama ninavyopima unga. Kama wangemwachia kwa faini, je, yule mke wa marehemu angelala? Kama wangemfunga, je, mzee angerudi kusukuma baiskeli? Na mlevi anayeua, na mwenye mbio anayeua, na huyu aliyefumba macho kwa sababu alikesha akifurahi na wenzake: nani azidi nani? Nilitaka kipimo kisichoinama upande. Nilisoma hukumu za watu nisiowajua mpaka simu ikawa ya moto mkononi. Hakuna iliyonituliza. Nikamwandikia kaka maneno ya kuomba huruma, nikayafuta, nikayaandika tena, nikamfundisha ayakariri kama shairi la shuleni. Alikariri kwa upole, ili nitulie.

Mahakamani Muleba alisomewa shtaka, na alipoulizwa kama ni kweli, akasema ni kweli. Mwendesha mashtaka akasoma maelezo ya tukio, yale ambayo kaka alikuwa ameyarekebisha kituoni, ng'ombe hayumo. Hakimu, mama wa makamo ambaye kwa matamshi yake hakuwa wa mkoa wetu, akamuuliza kama ana la kusema kabla ya adhabu.

Kaka aliinua uso. Nikatamka pamoja naye kimoyomoyo neno la kwanza la maombi yangu. Hakulisema.

"Mheshimiwa, nilikuwa sijalala."

"Kwa nini hukulala?"

"Senene, mheshimiwa."

Mahakama yote ilicheka. Si kicheko kibaya. Ni kicheko cha watu wanaojua, kila mmoja alikuwa na senene wake nyumbani mwezi ule. Hata karani aliinamisha uso. Hakimu hakuelewa, akageuka kwa mwendesha mashtaka, na ikabidi aelezwe, wadudu gani, mataa gani, kwa nini usiku. Kicheko kikapungua kimoja kimoja, kwa sababu kwenye benchi la mbele mke wa marehemu alikuwa amejifunika uso na khanga. Hapo ndipo nilipoona jinsi sababu ilivyokuwa ndogo. Hakukuwa na ugonjwa wala njaa wala bosi mkali wa kumlaumu. Ilikuwa furaha tu, ile ya kila mtu.

"Ulijua kwamba unasinzia?" hakimu akauliza.

"Nilijua, mheshimiwa. Nilifungua dirisha."

"Na baada ya dirisha?"

"Nilitafuna kahawa. Nikamwomba mdogo wangu anisimulie kitu."

Sikuinua kichwa.

Hakimu alisema mambo mengi kwa sauti ya kawaida. Niliyoyashika ni machache. Kwamba amezingatia kwamba mshtakiwa amekiri na hakuisumbua mahakama, na kwamba ana familia. Kwamba usingizi si mwizi; hupiga hodi kwanza, na huyu alisikia hodi mara tatu. "Kosa lako lilianza pale macho yalipofumba mara ya kwanza, ukayafumbua, ukaendelea." Kisha akasema miaka mitatu jela, na leseni ifungiwe. Wifi alitoa sauti ambayo sijawahi kusikia mtu akiitoa. Baba mdogo alinitazama kama kwamba mimi ndiye niliyetamka.

Nje, watu wetu walikusanyika kwa mama. Mimi nilijitenga nikasimama kwenye kivuli cha ukuta, nikitembeza vidole kwenye ncha ya kitenge changu bila kukoma. Mtoto wa marehemu akanijia. Nilidhani anakuja kunitukana, nikaona ni haki, nikasubiri.

"Miaka mitatu," alisema.

"Ndiyo."

"Nilikuwa nimejiandaa kusema ni michache. Sasa sijui niseme nini."

"Hata mimi sijui."

"Yule mjane mwenye ng'ombe tumekwenda kumwomba radhi. Ametulazimisha tupokee maziwa." Alitaka kutabasamu, ikashindikana. "Nilitaka kukuuliza kitu. Sikuweza kukuuliza siku mlipokuja, mlikuwa mmejaa ng'ombe. Wewe ndiye uliyekuwa na baba pale chini?"

"Ndiye mimi."

"Alisema chochote?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza hilo. Askari hawakuuliza, wala nyumbani. Nilitafuta namna nzuri ya kulisema, kisha nikaacha kutafuta.

"Alisema kwa Kihaya. Aliniuliza mimi ni mtoto wa nani."

Kijana yule akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyemsikia baba yake kabisa. Ndivyo wazee wetu wanavyomwuliza kila mtu wanayekutana naye njiani.

"Ukamjibuje?"

"Sikumjibu. Niliogopa. Nikawa namwambia tu, vumilia, gari linakuja. Akauliza tena. Halafu hakuuliza tena."

Gari la magereza lilikuwa limeshawashwa. Mama alikuwa anajaribu kulisogelea na wanawake wawili wamemshika mikono. Kijana hakugeuka kulitazama.

"Basi nijibu mimi," alisema.

Nikamtajia jina la baba yangu, na la babu, na alikotoka babu kabla hajahamia mjini, na ukoo wetu, na ukoo wa mama. Katikati nikachanganya babu wawili, ikabidi nirudie tangu mwanzo. Alisubiri mpaka nikamaliza wote.